Giza la Upande wa Mama

Nakhumicha alikuwa mama wa Kangemi ambaye watu waliogopa pua yake kuliko ulimi wake, na ulimi wake wenyewe haukuwa mchezo. Aliuza uji wa wimbi kule Westlands, kando ya majengo marefu yaliyokuwa yakiota kila kona miaka ile, na mafundi wa mjengo walimjua vizuri. Ukimjia asubuhi na mabaki ya ulevi wa jana, angekunusa kabla hujanyoosha mkono, na uji hupati. "Nenda kwa aliyekuuzia jana akupe na cha asubuhi," angekuambia mbele ya watu. Wanaume wazima wenye ndevu walikuwa wakitafuna peremende kwanza ndipo wamkaribie.

Hakuichukia pombe bure. Alilelewa katika kanisa la Marafiki, yaani Quakers, huko Bungoma, na Marafiki hawana mzaha na kileo. Lakini sababu kubwa ilikuwa Khaemba, kaka yake. Khaemba alipofuka angali kijana, jicho moja kwanza, kisha la pili, na kijiji kizima kikakubaliana bila hata kuitisha kikao kwamba amekunywa chang'aa mbaya. Khaemba alikana. Alikana kwa baba yake, akakana kwa wazee, na kila Nakhumicha alipokwenda nyumbani Krismasi alimshika mkono na kumwambia, "Dada, mimi sikunywa." Nakhumicha alikuwa akiutoa mkono wake polepole na kwenda jikoni. Mlevi gani aliyewahi kukubali?

Aibu ile aliibeba mpaka siku ya mwanawe Were kutahiriwa. Kwa Wabukusu, mvulana anayekwenda kutahiriwa hufika kwanza kwa mjomba wake, kaka ya mama. Mjomba humchinjia fahali, humvika shingoni ukanda wa nyama ya kidari, na humpa maneno ya kumtoa utotoni. Bila mjomba, mtoto ni kama ameruka daraja. Haki hiyo ilikuwa ya Khaemba, na fahali alikuwa wake, amemlea kwa kumpapasa. Nakhumicha akakataa katakata. Alisema mikono ya mlevi haitagusa shingo ya mtoto wake, akamtafuta binamu mmoja awe mjomba wa siku moja. Khaemba alikaa kando ya ghala, amegeuza uso kule ng'ombe alikokuwa akilia. Miaka michache baadaye akafa. Nakhumicha alimlilia kama dada, lakini moyoni alisema pombe imemaliza kazi yake.

Basi hebu fikiria uso wake siku Were, mtoto wake wa pekee, aliyebaki naye baada ya mumewe kufariki, alipomwambia amepata kazi kwenye baa Westlands.

"Kuosha glasi tu, Mathe. Sitakuwa nakunywa, nitakuwa naosha."

"Anayeosha sufuria halambi?"

Were alicheka. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti nzito iliyoshikilia kwaya nzima ya kanisa lao la Kangemi kama nguzo ya katikati ya nyumba. Kazi ilikuwa adimu, na mama hakuwa na nyingine ya kumpa. Akakubali, kwa sharti ambalo hakulitamka. Kila Were alipofika nyumbani, mama alimwambia ainame amwombee, na hapo katikati ya maombi akamnusa. Alinusa sabuni, alinusa sigara za wateja, akanusa mafuta ya kukaangia. Pombe hakuinusa hata siku moja. Ungedhani hilo lingemtuliza. Wapi! Alisema watoto wa siku hizi wana dawa za kuficha harufu.

Halafu Were akaanza kuvunja glasi.

Mwanzoni alidhani ni uchovu. Alisema jicho la kulia lina wingu katikati: akimtazama mtu anaona masikio na mabega, lakini pua na mdomo havipo. Hakusikia maumivu yoyote. Meneja hakutaka habari za mawingu. Alimwambia anakunywa mabaki ya wateja na kumfukuza. Miezi miwili baadaye wingu likahamia na jicho la kushoto, na kijana aliyekuwa akisoma nota za kwaya kutoka safu ya nyuma akawa hawezi kuuona uso wa mama yake mezani.

Sasa kumbuka ilikuwa miaka gani ile. Haikuwa zamani tangu pombe yenye sumu iue watu wengi upande ule mwingine wa jiji na kuwaacha wengine wakiuliza nani amezima taa mchana. Nairobi nzima ilikuwa imejifunza jambo moja: kijana akipofuka ghafla, amekunywa. Majirani hawakuuliza. Mama wa duka hakuuliza. Na Nakhumicha, aliyekuwa na Khaemba tayari kichwani, yeye ndiye hakuuliza kabisa. Aliuona ule ugonjwa ukiingia mlangoni kwake kama mgeni anayemjua kwa jina.

"Ulikunywa nini, Were?"

"Sijakunywa kitu, Mathe. Naapa kwa Mungu."

"Usimtaje Mungu! Hivyo hivyo ndivyo mjomba wako alikuwa anasema."

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama. Hakutumwa na mtu. Alisema mwanawe amekunywa na Mungu amemchukua macho, na akaomba kanisa lisimame naye kama mama mwenye msiba. Alisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na yeye hatamchelea. Kina mama walilia. Mzee Norman, kiongozi wa kanisa, alimpongeza kwa ujasiri wake, na jina la Were likaondolewa kwenye kwaya mpaka atubu. Were alikuwa ameketi papo hapo. Alisikiliza kila neno, na tangu siku hiyo hakuimba tena, si kanisani wala bafuni, na mama yake hakumzungumzisha ila kwa mambo ya chakula na choo.

Waliishi hivyo karibu mwaka mzima, watu wawili kwenye chumba kimoja, kila mmoja akimsubiri mwenzake akiri.

Kilichowatoa hapo ni miwani. Nakhumicha alikuwa ameanza kuishika Biblia mbali kama anayemwogopa nyoka, na akasikia kuna madaktari wanaopima macho bure kwenye ukumbi wa kanisa moja Kileleshwa. Alikwenda kwa ajili yake mwenyewe. Alimkokota Were pia, kwa kuwa tu jirani anayemwangalia alikuwa amesafiri, akamweka kwenye kiti pembeni kama mzigo.

Daktari alikuwa mama mmoja wa Kikamba, Daktari Syokimau, mwembamba, mwenye kuongea polepole. Alimpa Nakhumicha miwani yake, kisha akamwona kijana aliyeinamisha kichwa upande ili aone kwa pembe ya jicho.

"Na huyu?"

"Huyo wacha tu, Daktari. Huyo ni pombe."

Daktari hakuacha. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akauliza lipi lilianza. Were akamweleza yote, jicho la kulia, miezi miwili, kisha la kushoto. Daktari akazima tochi yake.

"Mama, nani alikwambia ni pombe?"

"Si inajulikana!"

"Pombe ya sumu huchukua macho yote mawili kwa pamoja, kwa siku chache, na mtu huwa mgonjwa mahututi. Haichukui moja leo ikarudi kwa lingine baada ya miezi miwili." Akamgeukia Nakhumicha. "Katika ukoo wenu kuna mwanamume mwingine aliyepofuka akiwa kijana? Upande wako wewe, si wa baba."

Nakhumicha alisikia ukumbi umekuwa baridi. Alitaka kusema hapana. Ni Were aliyejibu, kwa sauti ambayo mama alikuwa hajaisikia siku nyingi.

"Mjomba wangu. Kaka yake."

Daktari alichukua damu ya wote wawili na kuituma Afrika Kusini, maana hapa kipimo hicho hakikuwepo. Majibu yalichukua muda mrefu, na katika muda huo Nakhumicha hakusinzia vizuri. Alijiambia daktari anabahatisha. Alijiambia hivyo akikoroga uji, akajiambia tena akifua, na ukitaka kumjua mtu aliyekwisha kuamini jambo, mtazame anavyohangaika kulikanusha.

Walipoitwa, walikwenda kwenye kliniki ndogo ya Daktari Syokimau, Westlands, si mbali na mahali Nakhumicha alipouzia uji. Aliingia na aproni yake. Daktari alimweka Were kiti cha karibu na dirisha, akawaambia waziwazi kwamba majibu yamepatikana na kwamba si pombe. Haikuwa pombe hata kidogo. Ni ugonjwa wa kurithi, na umetoka kwa mama.

"Kwangu? Mimi naona!" Nakhumicha alirusha mikono. "Mimi nina macho yangu yote mawili, nimezidiwa na maandishi madogo tu! Ntampaje mtoto kitu ambacho sina?"

"Unacho, Mama. Ila kwako kimelala."

Kisha akamweleza, na jambo alilolieleza lilimfanya Nakhumicha ashike ukingo wa meza.

Alisema zamani sana, kabla ya mti wowote na kabla ya mnyama yeyote, duniani kulikuwa na viumbe vidogo tu, visivyoonekana kwa macho. Siku moja kimoja kikameza kingine. Pengine kilitaka kukila, hakuna ajuaye. Lakini kile kilichomezwa hakikusagika. Kilikaa humo ndani kikiwa hai, kikawa kinamtengenezea mwenyeji wake nguvu, na mwenyeji akakipa makao na chakula. Wakazoeana, wakazaa pamoja, mpaka ikafika mahali hakuna anayeweza kuishi bila mwenzake. Kutokana na muungano huo ndipo zilipotoka seli kubwa, zilizojenga miti, samaki, ng'ombe na watu.

"Wajukuu wa kile kilichomezwa bado wamo ndani yako," daktari alisema. "Wamo kwenye kila sehemu ya mwili wako, wengi ajabu. Tunawaita mitokondria. Ukipumua, unapumua kwa ajili yao. Ukiinua sufuria yako ya uji, nguvu hiyo wao ndio wameipika."

"Wadudu?" Nakhumicha alivuta kiti nyuma. "Ndani yangu kuna wadudu?"

"Si wadudu. Zamani walikuwa bakteria, sasa si bakteria tena, wamekuwa wewe. Lakini bado wana urithi wao wa pembeni, maandishi yao madogo ambayo hayakuchanganyika na yako. Na urithi huo haupiti kwa baba. Viumbe vya baba hupotea mwanzoni kabisa. Vyote alivyo navyo Were vimetoka kwako, na vyako vimetoka kwa mama yako, na vyake kwa mama yake."

Nakhumicha alimtazama bila kupepesa. Daktari akadhani hajaelewa, akajaribu njia nyingine.

"Uji wako unauchachusha na nini?"

"Na ule wa jana. Huwa nabakisha kidogo chini ya chungu."

"Na wa kwanza kabisa ulitoka wapi?"

"Mama alinifungia kwenye kibuyu nikija Nairobi."

"Basi ni namna hiyo. Ukipewa mbegu iliyo na kasoro, kila uji utakaoupika utakuwa nayo."

"Unanifananisha na chungu, Daktari?"

Wakati mwingine wowote angekuwa amekwisha kusimama aondoke. Sasa alibaki ameketi. Daktari alimweleza kwamba mitokondria ya ukoo wao ina kosa moja dogo katika maandishi yake, na kwamba neva ya jicho hula nguvu nyingi, kwa hiyo nguvu ikipungua, ndiyo hufa kwanza. Kwa nini huwapata zaidi vijana wa kiume, na kwa nini wengine huponyoka maisha yao yote, wanasayansi wenyewe bado wanakuna vichwa. Dawa hakuna. Akamwambia Were ajiepushe na moshi wa sigara na pombe, ili kidogo kilichobaki kisipungue.

Were akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha kutisha.

"Pombe nimejiepusha nayo, Daktari. Tangu nizaliwe."

Hapo ndipo lilipompiga Nakhumicha. Si lile la viumbe waliomezana, ingawa hilo nalo lilikuwa limemwacha akijishika mkono na kujitazama ngozi kama nguo ya mtu mwingine. Lililompiga ni kwamba mtoto alisema ukweli. Alisema ukweli tangu siku ya kwanza, akaapa, na mama yake akamziba mdomo kwa jina la Mungu. Na nyuma ya Were alimwona Khaemba ameketi kando ya ghala, amegeuza uso kwa ng'ombe wake. Dada, mimi sikunywa. Alikuwa hajanywa! Damu yao moja, ziwa walilonyonya moja, na huko kwa mama yao ndiko kulikotoka giza lote, likampita dada na kumkalia kaka. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na yeye hata nguoni hakikuwa, kilikuwa mle ndani ndani kabisa, kikimpa nguvu ya kusimama na kumshtaki mwanawe.

"Nilimnyima kumvika mtoto nyama," alisema. Daktari hakujua anazungumzia nini. Were alijua.

Walirudi Kangemi kwa miguu, wakipita kando ya Waiyaki Way, Were amemshika mama bega. Nakhumicha alijaribu kuomba msamaha mara nyingi na kila mara akaishia kumwonya juu ya shimo la barabarani. Were aliacha ahangaike mpaka walipofika karibu na soko.

"Mathe, usiniambie mimi," alisema. "Mimi nilikuwa najua. Ulisemea kanisani, basi enda usemee huko."

Jumapili ikafika. Nakhumicha alivaa kitambaa chake cheupe cha kina mama, akamkalisha Were safu ya pili, na ushuhuda ulipoitwa akasimama. Alikuwa amejipanga. Alisema mwanawe hajawahi kunywa, kwamba daktari amepima damu, kwamba ugonjwa umetoka kwake yeye mama. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Akaona hawajashika, akaanza kueleza. Akasema zamani viumbe vilikuwa vidogo, kimoja kikameza kingine, kisisagike, na kwamba viumbe hivyo vimo ndani yao wote hapo kanisani, ndani ya Mzee Norman na ndani ya pasta, na ndivyo vinavyowapa nguvu ya kuimba.

Kanisa likagutuka. Mama mmoja akamkemea shetani, "Shindwe!" Vijana wa kwaya wakafunika midomo. Nakhumicha alisikia mwanamke nyuma yake akinong'ona kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, maskini, sasa umempanda kichwani. Akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa daktari. Siku ile alipotoa uongo bila ushahidi wowote, walimwamini wote na kulia pamoja naye. Leo amekuja na ukweli uliopimwa, na hakuna hata mmoja.

Mzee Norman alisimama, mtu mwema, akanyoosha kiganja.

"Mama Were, tumekusikia. Mama hamtupi mwanawe, na hakuna anayekulaumu. Keti, tutakuombea wewe na kijana."

"Siketi."

"Mama..."

"Siketi, Mzee! Nilisimama hapa nikasema amekunywa, hamkuniambia nikae. Mlinipongeza!" Alishika mgongo wa benchi la mbele. "Haya ya viumbe yaacheni, mimi mwenyewe siyaelewi vizuri, nilitamani tu kuyasema kama nilivyoambiwa. Shikeni hili moja. Kaka yangu Khaemba hakunywa. Nilimwita mlevi mpaka akaingia kaburini, na hakunywa. Na huyu hakunywa. Mkitaka mtu wa kumtoa kwenye orodha zenu, nitoeni mimi, maana hilo giza ni mimi nilimpa, nilimpa tumboni, na lilipomshika nikamleta hapa kumuuza. Mnanisikia? Kuna mtu hata mmoja humu anayenisikia?"

Mzee Norman alikuwa bado ameinua kiganja, asijue akishushe wapi. Mtoto mchanga alilia upande wa wanawake na akanyamazishwa.

Kwenye safu ya pili Were alisogea kidogo kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

"Mimi nimesikia, Mama," alisema kwa ile sauti yake nzito, na kanisa lote likageuka. "Njoo ukae."